Kusikiliza Injini

Nilipanga kulala Nairobi usiku mmoja tu.
Daftarini niliandika: fika saa kumi, lala, ondoka alfajiri.
Miaka thelathini na moja nimepima barabara za wengine,
sasa nimestaafu, naenda Moyale kwa sababu ipo.

Waya wa klachi hausomi daftari.
Ulikatika Mlolongo, katikati ya malori,
nami juu ya Honda kongwe kuliko kitinda mimba wangu,
chini ya ile barabara ya juu, ya kulipia,
isiyotaka magurudumu mawili.
Magari yalipita utosini mwangu
kama watu wa ghorofani wanaoburuta viti.

Kijana wa bodaboda, Kyengo,
alibandika mguu wake kwenye chuma cha kukanyagia,
akanisukuma hivyo, pikipiki ubavuni mwa pikipiki,
mpaka Barabara ya Kirinyaga.
Pesa alikataa. Alitaka picha na namba zangu za Tanzania.
Manyunyu ya Julai. Penye uwanja wa Nyayo
makorongo mfukoshingo yamejikunyata mitini
kama mawakili waliokosa wateja.
"Mzee, hii baridi itakumaliza."
Nikacheka. Mimi ni wa Tukuyu,
kwetu hata ukungu huvaa sweta.

Ngara, hotelini:
"Naomba chai ya rangi, tafadhali, kama haitakusumbua."
"Rangi gani?"
Kisha mhudumu akamwita mwenzake wa jikoni:
"Kuja usikie mtu anaomba chai
kama anaposa!"

Duka la fundi Gathogo lina upana wa mlango wake.
Nati zimelala katika mikebe ya mafuta ya kupikia,
kila mkebe na ukubwa wake, na mmoja
wa zile zisizojulikana zilitoka wapi.
"Sisi tunaiita nduthi," alisema, akiipapasa tangi.
"Kwetu toyo."
"Toyo!" Alilitafuna neno hilo kutwa nzima.

Waya wa umri ule haupo mjini. Alizunguka, akarudi mikono mitupu.
Siku ya pili akachukua waya wa breki za baiskeli,
akayeyusha risasi kwenye kijiko,
akaufinyanga mwisho wake kichwa kidogo, kama cha kiberiti.
Risasi ikakataa. Siku ya tatu ikakubali.

Subilaga alipiga simu. "Uko wapi?"
"Nairobi."
"Jana pia ulikuwa Nairobi."
"Nairobi ni kubwa."

Gathogo alinena bila kuinua macho:
"Nati zangu zimefika Misri.
Mjerumani mmoja alinitumia picha kutoka jangwani,
anacheka, na bolti yangu inang'aa kando ya goti lake.
Mimi? Mwisho wangu Thika."
Sikujibu. Nami najua madaraja kwa kina cha nguzo zake
ambayo sijawahi kuyavuka.

Siku ya nne, alfajiri, alifunga duka.
Jirani yake muuza beringi alisimama mdomo wazi.
Akapanda nyuma yangu bila kuulizwa.
"Hadi Pangani tu. Nisikilize injini."

Pangani akasema, endelea.
Roysambu: "Kuna kitu kinagonga."
Ruiru: "Kimenyamaza. Vitu hivi huvizia."
Thika nikapunguza mwendo.
Nyuma yangu kimya kirefu,
halafu kofi dogo begani.
"Twende. Bado nasikia."

Mimi sikusikia kitu.
Mananasi kushoto, mananasi kulia,
kisha mashamba ya mpunga kwa mbali, na mlima
ukatoa bega moja mawinguni, ukalirudisha.
Nyuma yangu mtu mzima alikuwa akisoma vibao kwa sauti.

Alishuka Sagana, magoti yanamtetemeka,
akautazama mto kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.
Akapangusa mikono isiyo na grisi.
Nauli ya kurudi alijilipia mwenyewe.

Daftarini niliandika: Sagana, kilomita mia moja na mbili.
Kwenye safu ya hitilafu nilisita,
nikaandika:
Inagonga. Sababu haijajulikana.