Bilauri ya Maji

Nyumba ya saba wiki hii. Duluth, theluji hadi magotini.
Nakung'uta buti kizingitini,
begani mkoba wa vipeperushi: bustani, bwawa la maji moto,
bibi anayecheka kila ukurasa
(ni yuleyule, wamembadilishia sweta tu).

Bintiye, Marlys, alinipigia kutoka Tucson:
"Jiko aliliacha likiwaka. Mara mbili.
Mtafutie pahali, ila usimwambie nimesema."

Mzee Orville Lindqvist anafungua kabla sijabisha.
Anatazama buti, mkoba, tabasamu,
kwa mpangilio huo.
"Wewe muuzaji."
"Mshauri," nasema.
"Hata mimi waliniita hivyo, mwaka wa sitini na nane."

Aliuza mashine za kufyonza vumbi, mlango kwa mlango,
miaka thelathini na mmoja;
majivu alishayamwaga juu ya zulia lako
hujamaliza kumwambia karibu.

Naanza kwa upole: "Wengi mwanzoni huogopa..."
"Ndoano hiyo," anakatiza. "Endelea."
Namwonyesha bwawa.
"Chambo."
Nataja vyumba viwili vilivyosalia,
naye anacheka mpaka anakohoa:
"Siku zote husalia viwili!"

Kisha, cheko limemkauka:
"Kichwa changu hiki, unalipwa ngapi?"

Hilo hawakutufundisha.
Namwambia. Kodi ya mwezi mmoja,
nyumba ndiyo hulipa,
ukishalala kwao usiku wa thelathini.
Anapiga hesabu kwa vidole juu ya kitambaa cha meza.
"Sikujua kama bado nina bei."

Saa ya ukutani inajisemea.

"Kosa lako ni moja," anasema. "Hukuniomba maji.
Akupaye maji hakufukuzi. Haya, omba."
Naomba.

Anakwenda, mkono ukishika ukuta, kiti, friji.
Nasikia kabati. Kabati jingine.
Kabati la kwanza tena.
Bomba.
Anarudi na bilauri imejaa pomoni, hajamwaga hata tone,
macho yanang'aa kama ya mtu aliyeuza mbili kwa siku,
na nyuma yake
maji bado yanamwagika.

Fomu yangu ina kisanduku cha jambo hilo.
Kalamu ninayo.
Anayasikia. Najua anayasikia
kwa namna anavyojizuia kugeuka.

Nakunywa taratibu, yote, mpaka kitako cha bilauri.

"Basi," anasema, akivuta kiti,
"hebu nionyeshe tena
hivyo vyumba vyako viwili."