Nyuma Yangu, Tanuri

Mwenegoha wa Gerezani, aliyeliunga tela hili
kwa vyuma vya vitanda vya hospitali na ekseli ya Corolla,
hakunipa pini kabla hajanihoji:
Nyuma yako kutakuwa na nini?
Tanuri, nikasema. La mikate. Kilo mia tatu na ushee.
Akatikisa kichwa. Nyuma yako kutakuwa na mtoto
asiye na macho, asiye na breki,
ana uzito tu. Na anakuamini.

Kisha akapiga goti vumbini,
akakisukuma kikombe juu ya mpira wa chuma
mpaka kikasema ta!
Akachomeka pini, akaitingisha kama jino la kung'oka,
akaipishanisha minyororo miwili chini ya shingo ya tela
kama mikono kifuani mwa mwenye kusali.
Pini ikikusaliti, hii itaidaka shingo
isilambe lami.

Habari za uzito sikumsikiliza.
Pale Sinza, kwenye duka lililofungwa, vijana watano
walipakia kwa haraka ya posho,
wakaliacha tanuri mkiani, palipo karibu na mlango.
Pua ya tela ikainuka kidogo.
Niliiona. Nikaondoka.

Ubungo nilipita nikiimba.
Kwenye mteremko kabla ya Tabata
kilo mia tatu zikataka kunipita.
Kushoto. Kulia. Kushoto zaidi.
Usukani ukawa mwepesi kama sahani ya bati,
na kwenye kioo tanuri langu linachungulia
upande huu, upande ule,
kama mtu anayetafuta penyo kwenye foleni ya benki.
Nyuma yake lori la kontena, taa zote zinawaka.

Mguu wangu ulitaka breki. Mguu ni mjinga,
unajua jambo moja tu.
Sikukanyaga. Sikukata kona.
Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika katikati,
nikaiacha barabara iule mwendo taratibu
kama unavyoiacha hasira ya mwenzio iishiwe maneno.

Likatulia. Mimi ndiye niliyetetemeka.

Kituo cha mafuta. Wauza maji wanne na mlinzi, elfu kumi kwa wote,
tukalisogeza tanuri mbele, likavuka ekseli kwa shibiri moja.
Nikafunga mikanda, nikavuta, nikavuta tena.
Pua ikainama
kama ng'ombe kwenye ndoo.

Kuanzia Buguruni nikawa mtu mwingine:
nafasi ya magari manne mbele yangu,
na kila mwenye haraka aliyejipenyeza pale
nilimwachia, nikajitengenezea nyingine.
Kona nilizichukua kwa upana,
kama mvaa kanzu anayezunguka dimbwi.
Bodaboda akapiga kelele, Mama, indiketa ya kulia imekufa!
Nikasimama pembeni. Waya ulikuwa umechomoka.
Ahsante yake ninayo mpaka leo;
alishapotea chini ya daraja la TAZARA.

Kibada geti ni jembamba na giza limeshaingia.
Hapa ndipo Mwenegoha alipochekea tangu Gerezani:
Ukitaka aende kulia, mwambie kushoto.
Si nimekwambia ni mtoto?
Mara tano nililikunja tela kama kisu cha mfukoni.
Mara tano nikaenda mbele, nikanyoosha, nikaanza upya,
na jirani, Bi Tabu, akileta taa na ushauri,
vyote viwili vikinipiga machoni.
Mara ya sita likaingia,
likavunja jani moja la mshubiri.

Nimezima gari. Nimeweka mawe kwenye matairi, mbele na nyuma,
kabla sijagusa pini.
Mpira wa chuma bado una joto.
Unga utafika kesho, Mungu akipenda.
Usiku huu nimekaa juu ya shingo ya tela,
natafuna andazi la jana
la tanuri la mtu mwingine.