Wati Mia Nane na Hamsini

Mlandege, Shaame kanitandazia kaunta nzima:
"Chukua hii, giga ishirini na nne,
picha inaiva kabla ya chai."
Nikaipima kiganjani. Nzito kama mahari.

Lakini kwetu Wete umeme ukirudi
hurudi na hasira;
juzi tu umeiua friji ya Bi Mize.

Nikashuka: kadi ya giga kumi na mbili.
Iliyobaki nikanunua pawa saplai, wati mia nane na hamsini,
na stebilaiza.
Kasha sikuliweza. Vyuma vimekaa uchi
juu ya ubao wa mfenesi,
feni yanipuliza magoti.

Fremu ya kwanza: ukumbi wa Mtambwe
kabla haujabomolewa.
Mwanga waingia punje punje,
dirisha, kisha mkeka, kisha
dakika ya arobaini na moja.

Ukutani bado chenga.
Nimezima taa zote,
nisiuudhi umeme.