Swali la Kumi na Saba

Swali la kumi na saba linauliza:
kutoka mchikichi wa mwisho hadi ukingo wa mto, ni hatua ngapi?
Nasoma kwa sauti. Mak Rosmaini anavua ndara,
anazitundika kwenye mundu mrefu wa kukatia mikungu,
anahesabu kwa nyayo zake, si kwa kamba yangu.

Moja, mbili. Tope la Batanghari lanasa kisigino.
Tisa. Kumi. Kumi na moja. Maji.

Fomu inataka hamsini.

"Andika," aniambia, "kwamba mwaka niliopanda
mto ulikuwa kule, kwenye ule mkondo wa kahawia,
na kati yetu palikuwa na kiwanja cha mpira,
magoli ya mianzi, na mbuzi wa Pak Syafruddin wakila kona.
Mimi sikuusogelea mto, Yusnidar.
Mto ndio ulionijia, kila mafuriko, hatua kwa hatua,
kama mdai asiyebisha hodi.
Upe na wenyewe fomu. Utie dole gumba."

Nacheka, kisha nakumbuka hakuna kisanduku cha kicheko.
Kuna Ndiyo. Kuna Hapana. Kuna Haihusiki.

Nafungua kopo la rangi nyekundu.
Safu tatu za mwisho, michikichi thelathini na sita,
pete moja kila shina, usawa wa kifua.
Maana yake: hapa mbolea mwiko, dawa ya magugu mwiko,
na hii ikizeeka haitapandwa mingine.

Ananipokonya brashi.
Safu hizi ndizo zilizomsomesha Hendri ufundi wa mitambo,
hata akapata kazi Batam, hata akaacha kupiga simu.
Anapaka polepole, akizunguka kila shina,
rangi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Na hicho cheti," auliza bila kugeuka, "kinalipa nini?"
Namwambia ukweli: ile bei ya ziada,
tukishagawana wanachama sitini na wanne,
fungu lake linatosha buti moja ya mpira.

"Mguu upi?"

Sina jibu. Tunarudi kwa njia ya mfereji,
yeye mbele, peku, mundu begani, ndara zikining'inia.

Usiku mvua ikapiga mabati mpaka alfajiri.
Asubuhi nikaenda peke yangu kupiga picha za ushahidi.
Mchikichi wa pembeni ulikuwa umelala majini,
makuti yakielekea baharini,
pete yake nyekundu ikizama, ikiibuka.

Nikafuta thelathini na sita.
Nikaandika thelathini na tano.
Swali la kumi na saba nimeliacha wazi.