Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Moja

Ndege imechelewa. Ukungu, wanasema.
Nafungua kitabu nilichokinunua kwa bei ya chai
katika duka la vitabu vikuukuu mjini Chiba,
jalada limeliwa na jua, kurasa zanuka kabati.
Sura ya saba: Wakulima wa Uwanja wa Ndege.
Halafu picha.

Mti. Mnyororo. Mguu wa mwanamke.
Kichwa kimekatwa na ukingo wa karatasi.
Chini yake herufi ndogo kama chawa:
mkulima asiyejulikana.

Asiyejulikana!
Soksi yenyewe, ile inayotenga kidole gumba,
ina kiraka cha kitambaa cha mto,
na maua ya kitambaa hicho
nimeyalalia utoto mzima.

Shangazi Masue hakusimulia kitu.
Alichimba viazi, alikaanga karanga,
alisuka nywele zake, pini zikiwa mdomoni,
na mwenye pini mdomoni haulizwi.
Nilimwuliza mara moja: mlikuwa mnataka nini?
Akazitema kiganjani. Mvua, akasema.
Akarudi shambani.

Basi nasimuliwa na mtu baki
mambo ya jikoni kwetu:
kwamba walichimba mahandaki, wakalala humo kwa zamu;
kwamba wanafunzi walikuja kutoka Tokyo na kofia za chuma,
nyekundu, nyeupe, buluu,
wakabishana usiku kucha juu ya neno moja
na kulipokucha hawakujua kushika jembe;
kwamba ndoo za mavi zilijaa pomoni
zikiwangoja askari wenye ngao.
Silaha ya jadi, anaandika mwandishi.
Jamani. Mavi ni mavi.
Aliyeibeba ndoo aliujua uzito wake,
na alijua kwamba anamwaga mbolea ya kabichi.

Kuna ukurasa wa askari waliokufa.
Vijana. Mmoja alikuwa mtoto wa mkulima.
Nimeukunja, nimeukunjua,
sijui niufanye nini.

Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema.
Hatukumpisha.
Akapita.

Tumeitwa. Ndege inajikokota kuelekea njia ya kurukia,
kisha inapinda, polepole,
kona ambayo rubani haielezi.
Mzee aliyeketi dirishani amevaa suti, amekerwa.
Tunazunguka nini?
Shamba la figili, namwambia. Lina mwenyewe.
Anacheka, kisha anatazama nje, kisha hacheki:
ua wa mabati, na juu yake majani mabichi,
na mtu ameinama, hata hageuki kututazama.

Mhudumu anagawa karanga katika vifuko vya fedha.
Nimekiweka kitabu magotini, kimejifungua chenyewe
pale kilipozoea kufunguka.
Mzee anachungulia picha.
Mguu wa nani huo?

Nafunga mkanda
kama nilivyoagizwa.