Pengo la Miezi Kumi na Tisa

Fomu yataka kujua nilikuwa wapi
tangu Machi ile hadi Oktoba ya mwaka wa pili yake.
Kidirisha chekundu. Hakipitiki kitupu.

Naandika: Nilimuuguza mama.
Inanijibu: Chagua jibu kwenye orodha.

Orodha ina masomo, ina jeshi, ina safari.
Mama hayumo.
Hamna beseni, hamna shuka za kufuliwa alfajiri,
wala mkono wake uliopapasa gizani ukinitafuta
kama mtu atafutaye swichi ya taa.

Miaka ishirini na sita nilishika hesabu
za kiwanda cha nyuzi, hapa hapa Łódź,
na haikupotea groszi moja.
Siku hizi ofisi yangu ni mgahawa.
Kikombe cha kahawa, pale lilipokuwa kabati la risiti,
ni chakula changu cha siku mbili.

Jumanne nilihojiwa na mashine.
Juu blauzi niliyovaa harusini kwa Jolanta,
chini suruali ya kulalia na ndara.
Tarakimu zinashuka: thelathini, ishirini na tisa…
Tueleze siku uliyoshindwa.
Nikakitabasamia kitone cha kijani
hadi mashavu yakauma.

Bwana Wieńczysław wa ghorofa ya tatu
ananiambia ngazini, subira huvuta heri.
Yeye kazi aliipata kwa kubisha hodi na kuvua kofia.
Nionyeshe basi mlango, Bwana Wieńczysław,
nami kofia ninayo.

Mtaka cha mvunguni ainame: nimeinama.
Nimekuta vumbi,
na nenosiri la kumi na saba nililolisahau.

Saa nane na dakika nne usiku nikatuma.
Saa nane na dakika saba likaja jibu:
Mpendwa Mwombaji, tumeyasoma maombi yako kwa makini.
Mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kujizuia.
Nikagawanya:
miaka minane na ushei kwa kila dakika.
Kwa makini.

Asubuhi nikachemsha chai, nikaifungua fomu nyingine.
Kidirisha kile kile, orodha ile ile.
Kidole kikasita, kisha kikabonyeza:
safari.

Kidirisha kikageuka kijani, papo hapo,
hakikuuliza nilikwenda wapi
wala nilirudi na nani.

Nisamehe, mama.