Koma

Kazi yangu ilikuwa koma.
Wengine huita mkato, lakini pale ofisini Upanga,
ghorofa ya pili, chini ya feni iliyopungua panga moja,
tulisema koma.
Kila Jumanne karatasi zilishuka na ndege ya Moscow
zikinuka gundi,
Kiswahili chake kimekakamaa kama gwaride,
nami nikakilegeza magoti
kipate kutembea Manzese.

*Jeshi la kindugu limeitikia mwito.*
Nikasogeza koma.
*Kikosi chenye idadi maalumu.*
Maalumu ni wangapi? nikamwuliza Arkadi.
Akatazama feni.
Maalumu, akasema.

Mwaka ule tulikata mche wa sabuni kwa uzi,
nyumba tatu, mche mmoja,
na sukari ilikaa kwenye daftari la balozi.
Kaka yangu Pazi alikuwa amekwenda Kagera, akavuka,
akarudi na redio ya mtu
na macho ya mtu mwingine.
Sikumwuliza redio ni ya nani.
Mimi nilikuwa mtu wa maandishi.

Kisha wakubwa wa kule wakaanza kufa.
Wa kwanza; wa pili, viatu vya mazishi havijakauka;
wa tatu.
Kidawa wa taipu akaacha pengo kwenye stensili,
*Ndugu* halafu nafasi, *mwana mwaminifu wa wafanyakazi,*
tukawa tunajaza jina tu.
Bendera ikashuka nusu mlingoti, ikapazoea.
Vijana waliosoma Tashkent wakaja likizo na hadithi:
kule nako kuna foleni,
unajipanga kwanza, ndipo unauliza kinauzwa nini.
Tulicheka hadi Kidawa akafuta machozi.
Tulidhani foleni ni maradhi ya maskini.

Asubuhi moja Arkadi aliingia bila karatasi.
Bati, akasema. Neno hili, eleza.
Nikaeleza kwa furaha, maana nilikuwa na kibali
cha mabati ishirini, mwaka wa pili nangoja:
bati ni la kuezekea.
Mtu akipata bati hapa, jirani huja kumpa hongera.
Akaandika yote, hata hongera.
Na sanduku la kuzikia?
Jeneza.
Jeneza la bati, akasema polepole,
kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja.
Ni *la*? Si *ya*?
Ni *la*, nikasema. Umepatia.

Chini ya kioo cha meza yake kulikuwa na picha,
kijana ameshika samaki, amefumba jicho moja kwa jua.
Wamelehemu, akasema. Mama yake haruhusiwi kufungua.
Hatujui hata kama ni yeye.
Akanyoosha tai yake. Hii hatutaiandika.

Toleo la Jumanne ile lilisema Kabul ni shwari.
Nililisahihisha mwenyewe. Lilikuwa na koma saba.

Nimekuja kulisikia neno hilo baadaye sana,
jirani anamkanya mwanawe aliyemrushia paka jiwe:
Koma!
Nikasimama na ndoo yangu pale bombani.
Miaka kumi nilikuwa nalo kwenye ncha ya kalamu nyekundu,
kila wiki, mara saba, mara ishirini,
nikaliandika dogo,
likawa mahali pa uongo kuvuta pumzi.

Mabati yangu yalitoka mwaka bendera yao iliposhuka yote.
Ofisi ilifungwa, feni ikapigwa mnada.
Arkadi sijui alikozeekea.
Niliezeka Mbagala, vyumba viwili na baraza,
majirani wakaja kunipa hongera
nami nikaitika.

Mvua ikianza usiku
Pazi huinuka kitandani, huzima redio ile.
Tunakaa gizani tukisikiliza linavyogongwa,
yeye na lake, mimi na langu,
hatuulizani.